Kipimo Kilichokataa Kuamka

Ujumbe ulinikuta jikoni nikipeta mchele. Aliyeutuma tulifanya kazi pamoja zamani, na siku hizi ana ofisi yenye kiyoyozi na mtu wa kumpokelea simu. Aliandika kwamba Injinia Edgar amefariki asubuhi hiyo baada ya kuugua kwa muda mfupi, na kwamba kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kwanza kufundishwa kazi naye, familia inaomba niandike maneno machache ya kumuaga, yasomwe kanisani. Nilisoma mara moja, nikailaza simu kifudifudi mezani, nikaendelea kupeta. Mchana wakaanza kupiga. Mmoja alikuwa analia. "Dada Tekla," akasema, "tumempoteza mwalimu wetu sote." Nikamwambia poleni, kama anavyosema mpita njia akikuta turubai limefungwa kwenye nyumba ya watu asiowajua. Jioni nikaona kwenye kundi la simu jinsi wanavyomsifu: alikuwa mvumilivu, alikuwa mnyenyekevu, vifaa vyake viliokoa watu wa bonde la Kilombero. Hapo ndipo nilipoinuka nikatafuta kalamu. Sina maneno machache juu ya Edgar. Ninayo mengi, yote ya mwaka mmoja, na hakuna hata moja linalofaa kusomwa kanisani.

Mwaka huo nilikuwa kijana, nimetoka chuo, na nilipanga chumba Ifakara kwa Mama Serafina, mjane aliyeuza mchele sokoni. Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye wavu, kitanda kilichojaza nusu ya sakafu, na ukuta wa chokaa ya bluu ulioniachia vumbi begani kila nilipoegemea. Ukuta wa pili ndio ulionitenganisha na jiko, na ulikuwa mwembamba, kwa hiyo maneno yote ya jikoni yalikuwa yangu pia. Kabla sijanawa uso nilikuwa nimeshajua nani kafiwa, nani kagombana na mkwewe, na mchele wa nani umechanganywa na wa mwaka jana. Nikitoka nasema, "Shikamoo mama," naye bila kuinua macho kwenye moto, "Marahaba mwanangu, chai ipo, magimbi yapo kwenye sufuria." Tulikula wali kuliko ugali, wali wa mchele mpya ambao harufu yake ilitangulia kufika barabarani, pamoja na kambale wa kukaushwa kwa moshi. Kambale hao waliletwa na kaka yake, Kasiani. Huyu alikuwa mkulima na mvuvi wa mto, mwembamba, mwenye tabia ya kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Aliishi kijiji cha juu, njia ya kwenda Mbingu, na yeye ndiye aliyenipeleka kwa dada yake siku niliyofika mjini sina pa kulala. Kampuni yetu ilikuwa imemwajiri awe mlinzi wa kipimo chetu cha kwanza cha mto.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa la Bwana Salim, mzee ambaye baba yake alihamia Ifakara kutoka Pwani, na ambaye hakuruhusu mtu afanye kazi bila kwanza kumpelekea kikombe cha kahawa ya tangawizi. Kazi yetu ilikuwa kuweka vipimo kwenye mito inayoshuka kutoka Udzungwa. Kipimo kilikuwa nguzo ya chuma mtoni yenye bomba, na ndani ya bomba boya. Maji yakipanda, boya linapanda, linagusa swichi, kompyuta ndogo iliyo ndani ya sanduku inaamka, modemu inatuma ujumbe, na king'ora kilichofungwa juu ya paa la shule ya kijiji cha chini kinalia. Nasema inaamka kwa sababu ilipaswa kulala muda mwingi. Wakati wa masika jua ni la kubahatisha, na kompyuta iliyo macho siku nzima ingeimaliza betri kabla mvua hazijafika katikati. Ndani ya mfumo endeshi kuna kiini, wenyewe tunakiita kerneli, na ndani ya kerneli kuna madereva, yaani programu ndogo ambazo kila moja inaendesha kifaa chake: yuko dereva wa saa, dereva wa boya, dereva wa modemu. Wakati wa kulala kerneli huwalaza mmoja mmoja kwa utaratibu, na wakati wa kuamka huwaamsha vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akigoma kuamka, walio nyuma yake wote wanabaki wamelala. Dereva wa modemu aliandikwa na Edgar mwenyewe, na alimjivunia kama mtu anavyomjivunia mtoto aliyefaulu.

Sikatai kwamba alinifundisha. Alikuja kutoka Dar kila wiki akiwa na mashati yaliyonyooshwa na manukato yaliyobaki chumbani hata akiondoka, akavuta kiti, akanionyesha namna ya kusoma programu ya mtu mwingine kama unavyosoma barua ya mtu usiyemwamini. Nilimpenda kwa hilo. Ndiyo maana chuki yangu ilipokuja ilikuta nyumba ina nafasi. Tulikuwa tunajaribu vipimo juu ya meza, waya umetoka kwenye kompyuta yangu umeingia kwenye kifaa ili nisome kinachoendelea ndani, na mimi nainua boya kwenye ndoo ya maji. King'ora cha majaribio kililia kila mara, wateja wa Bwana Salim wakaruka, tukacheka. Siku moja nilichomoa waya ili nipanguse meza, nikainua boya kwa mchezo tu. Kimya. Nikachomeka, kikalia. Nikachomoa, kimya. Edgar alipofika nilimwambia kabla hajaweka mkoba chini.

"Bosi, bila waya hakiamki."

"Labda umekosea kuinua boya."

"Nimerudia asubuhi nzima. Nadhani waya unakipelekea umeme kidogo, kwa hiyo kikiwa mezani hakilali usingizi wa kweli. Hatujawahi kukijaribu kikiwa kimelala kabisa."

Akacheka, akanigusa bega. "Tekla, Jumamosi wafadhili wanakuja kuzindua. Mimi siwezi kuwaambia wageni kwamba kijana wangu anadhani."

"Tungesogeza uzinduzi. Mvua zikianza kikiwa hivi?"

"Zianze kwanza. Nitarekebisha."

Bwana Salim alikuwa amesimama mlangoni na birika lake. Edgar alipoondoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umesema, na mimi nimekusikia. Yeye hakutaka kusikia." Jumamosi utepe ukakatwa, kipimo kikalia vizuri mbele ya wageni, waya ukiwa umechomekwa.

Masika yalipokolea watu wa vijiji vya chini walikuwa wamehamia mashambani, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakifukuza ndege kwenye mpunga. Siku hiyo bondeni kulikuwa na jua. Mvua ilikuwa mlimani tu, mlima mweusi kama chungu, na mtu aliye shambani hana sababu ya kuogopa mvua isiyomnyeshea. Mimi nilikuwa ofisini. Skrini yangu ilionyesha kipimo kimelala, hakina shida. Kasiani alikuwa pale mtoni. Aliona maji yanapita alama nyekundu, akatega sikio kuelekea shuleni, akategemea kusikia king'ora, hakusikia kitu. Akakimbia. Alikimbia kando ya mto akipiga kelele, akaacha viatu kwenye tope, akapita kwenye matete yaliyomchana miguu, lakini maji hayasubiri mwenye miguu. Waliomsikia waliruka wakakimbilia kwenye tuta la barabara. Bibi Yustina, mama mtu mzima aliyekuwa peke yake kwenye dungu la mbali na ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, hakumsikia. Walimpata baada ya maji kushuka, amenaswa kwenye matete, kanga yake imezunguka nguzo ya dungu la mtu mwingine.

Edgar alifika akiwa na buti mpya za mpira. Wananchi walikusanyika uwanja wa shule, chini ya kile king'ora. Alilifungua mbele yao sanduku la kipimo, lililokuwa limeletwa kutoka mtoni, akashika nyaya za betri kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa panya, akasema zimechezewa. "Kuna mtu amekuwa anachomoa hapa ili achaji simu za watu," akasema. Hakutaja jina. Hakuhitaji, maana kila mtu alijua Kasiani ana paneli yake ndogo nyumbani na majirani humpelekea simu. Nilisimama. Nilisema, "Nyaya nilizikuta zimekaza, mimi ndiye niliyefungua sanduku kwanza. Tatizo liko ndani ya kifaa, na nilisema kabla ya uzinduzi." Edgar hakukasirika. Aliwageukia watu kwa upole, akasema, "Mumsamehe binti yetu, ameshtuka. Na pia amepanga kwa dada wa mlinzi." Basi. Nikaona nyuso zinageuka, mmoja baada ya mwingine, kama majani ya mpunga upepo ukibadilika. Kasiani alichukuliwa alasiri ileile, miguu imefungwa vitambaa, akawekwa mahabusu. Kesho yake vijana walibomoa nyumba yake na kukata migomba yake yote.

Siku zilizofuata jiko la Mama Serafina lilijaa wanawake. Nilikuwa nimelala chali nawasikia kupitia ukuta. Mmoja akasema, "Lakini simu kweli alikuwa anachaji." Mwingine akasema, "Tamaa haina mzee." Kisha sauti ya Mama Serafina, haikupanda hata kidogo: "Kaka yangu amekimbia mpaka nyayo zimechanika. Mwenye kosa angekimbilia huko aliko maiti, au angekimbilia Mlimba akapande treni?" Nikasikia kijiko kinakwaruza sufuria. Walipoondoka nilikwenda jikoni kumwambia nimeamua kuacha kazi, siwezi kukaa meza moja na yule mtu. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Akaniuliza, "Wewe unajua kilichokifanya kifaa kisiamke?"

"Najua kilipo, sijajua ni nini."

"Na ukishajua, unaweza kuwaonyesha watu wakaona kwa macho?"

"Naweza."

"Sasa ukiacha kazi leo, kesho utampiga na nini?"

Nimesikia mahubiri mengi juu ya kisasi, jinsi kinavyomla anayekibeba. Mimi kilinilisha. Nilirudi kazini asubuhi iliyofuata nikamsalimia Edgar kwa adabu zote, nikamchemshia chai, nikacheka alipotaka nicheke. Nilimsoma kama alivyonifundisha kusoma. Alifikiri nimenyooka, akaniambia siku moja, "Unaona, ukikua kidogo mambo yanaeleweka." Nikamwambia ni kweli bosi. Na kila Jumapili, Mama Serafina akiwa misani, nilisogeza vitambaa vyake vya kufuma kwenye meza ya sebuleni, nikaweka kifaa cha akiba na king'ora chake cha majaribio, ndoo ya maji, na betri ya gari niliyoazimwa na Bwana Salim, nikaanza kumtafuta dereva aliyegoma.

Ugumu wa kazi hiyo ni huu: huwezi kumchungulia aliyelala bila kumwamsha. Kila chombo nilichounganisha ili nione ndani kilileta umeme wake, na kifaa kikaamka vizuri kama mtoto anayejifanya mzima mbele ya daktari. Nikichomoa, kinakufa. Nilipoteza Jumapili kadhaa hivyo, nikatukana ukutani. Kisha nikaiona taa. Pembeni mwa kifaa kulikuwa na taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama, imewekwa tu kuonyesha kwamba umeme upo. Niliingia ndani ya kerneli nikaandika kwamba kila dereva akishaamka, taa iwake na kuzima kabla mwingine hajaamshwa. Nikachomoa waya, nikaacha kifaa kilale, nikainua boya. Taa ikapepesa kwa saa. Ikapepesa kwa boya. Ikapepesa kwa kumbukumbu. Ilipofika zamu ya modemu haikupepesa tena. Nikarudia mpaka maji ya ndoo yakamwagika kwenye mkeka, na kila mara ilisimama palepale, mlangoni kwa Edgar. Nikasoma dereva wake mstari kwa mstari. Wakati wa kuamka alikuwa anaiuliza modemu, "Upo?" kabla swichi ya kuipelekea modemu umeme haijafunguliwa, na aliagiza jibu lisubiriwe bila kikomo. Modemu isiyo na umeme haina mdomo. Ikasubiriwa milele, na kompyuta nzima ikasubiri nyuma yake, huku maji yanapanda. Waya ukiwepo modemu haikuzimwa kabisa, kwa hiyo ilijibu, na kosa likajificha.

Nilibadilisha mpangilio, umeme kwanza, swali baadaye, na subira yenye mwisho. Nikainua boya. King'ora kililia ndani ya sebule ile ndogo mpaka kuku wakapanda juu ya uzio. Mama Serafina alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka misani, na kitabu chake cha nyimbo mkononi. Alisimama mlangoni akasikiliza hadi nilipokizima. "Ni hicho?" akauliza. Nikamwambia ni hicho. "Kikubwa kiasi gani?" Nikamwambia mistari michache tu, mama, ingetosha kwenye kiganja. Akakaa kwenye ngazi na nguo zake za kanisani, na nilimwona akilia kwa mara ya kwanza tangu kaka yake achukuliwe.

Sikukimbilia popote. Edgar angesema binti amebuni. Nilingoja, na yeye mwenyewe akajileta. Kiangazi kilipoanza aliniita akanipa programu mpya, akaniambia nizunguke nikaiweke kwenye vipimo vyote vilivyobaki, hadi Sanje. "Wakikuuliza waambie unafanya usafi," akasema.

"Ndani kuna nini kipya?"

"Nimeizuia modemu isilale. Betri itachoka mapema, tutaongeza paneli."

Kwa hiyo alijua. Alikuwa amepata palepale nilipopata, ila yeye aliponya vipimo akamwacha mtu ndani. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na Mzee Kasiani?"

"Tekla, watamwachia, hawana ushahidi wa kutosha. Yule amezoea shida. Kampuni ikianguka haiinuki, na wewe ndiyo kwanza unaanza maisha."

"Sawa bosi," nikasema. Sijawahi kutamka neno lililonikata ulimi kama hilo. Nilizunguka nikabadilisha vipimo vyote, isipokuwa cha Sanje. Kijito cha pale kilikuwa kimebaki mawe, mvua ziko mbali, hakuna ambaye angedhurika, na nilijua kwamba wafadhili, waliokuwa wanakuja kukagua vipimo, wangepelekwa hukohuko, kwa kuwa Sanje iko barabarani na wageni hawapendi vumbi la njia ya Mbingu.

Walikuja: mama mmoja wa makamo aliyewakilisha wafadhili, ofisa kutoka wilayani, mwenyekiti wa kijiji, na wananchi waliotoka kwenye migomba na vibanda vyao kuona magari. Edgar aliongea vizuri sana. Alieleza juu ya maafa ya masika, juu ya umuhimu wa kuelimisha walinzi wasiharibu vifaa, akamshika mwenyekiti mkono. Kisha akaniambia, "Tekla, chomeka, tuwaonyeshe."

Nikaubeba waya mkononi, sikuuchomeka. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuwafikia walio nyuma, "Leo tujaribu bila waya, kwa sababu mto hauna waya." Nikachukua ndoo, nikajaza bomba, boya likapanda juu kabisa. Watu wote wakageuka kutazama paa la shule. Hakuna kitu. Mbuzi akalia, mtu akakohoa, gari likapita barabarani likaenda zake. Niliuacha ule ukimya ukae. Sikuwa na haraka nao hata kidogo, nilitaka amsikie Bibi Yustina ndani yake. Edgar akasema, "Nadhani ni mtandao." Yule mama akatoa simu yake akaiangalia, akasema mtandao upo. Ndipo nikachomeka waya, nikajaza bomba tena, na king'ora kikapasua anga, watu wakaziba masikio.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa kule juu," nikasema. "Kikiwa na waya kinaamka, kikiwa peke yake hakiamki. Kosa liko kwenye dereva wa modemu, na naweza kumwonyesha mtaalamu yeyote mtakayemleta. Nilisema kabla ya uzinduzi. Injinia amelirekebisha kimyakimya kwenye vipimo vingine vyote, na Kasiani yuko mahabusu mpaka leo kwa kuambiwa alichomoa nyaya."

"Tekla," akasema Edgar, "tutaongea ofisini."

"Tuongee hapahapa, bosi. Wewe ndiye uliyeandika. Waeleze."

Hakueleza. Shati lake lilikuwa limeloa mgongo mzima. Bonde letu ni la miwa, na mtoto wa pale hujifunza mapema kuvuta utamu kwa meno, ukiachia pande moja unang'ata lingine. Ndivyo nilivyokaa na uso wa Edgar siku ile. Watu walipotawanyika nilikiwekea kipimo cha Sanje dereva niliyemrekebisha mwenyewe, nikakijaribu bila waya mpaka nikaridhika, nikapanda gari la mchele kurudi Ifakara. Kazi nilikuwa nimeshafukuzwa kabla sijafika nyumbani. Bwana Salim ndiye aliyenipa habari, pamoja na kahawa.

Kesi ilifutwa, ila si upesi. Kasiani alirudi kwa dada yake amekonda, anakohoa, na kile kiganja hakikuziba mdomo tena, maana hakucheka. Kijijini hakuwa na nyumba. Alikuwa anapanga kuhamia Masagati, mbali kule baada ya Mlimba, ambako alisema watu hawana simu za kuchaji. Kabla hajaondoka, Edgar alikuja. Alikuja mchana, na sukari na doti za kitenge kwenye mfuko, akasimama uani akasema amekuja ili tuyamalize kifamilia. Nilitaka nimfukuze. Mama Serafina akaniwekea mkono begani. "Mgeni haongei na njaa," akasema. "Karibu ukae, baba."

Akatandika mkeka. Akapakua wali, akaweka kambale. Kisha akamkalisha Edgar uso kwa uso na Kasiani, na Kasiani mwenyewe akachukua birika na beseni akamnawisha mikono. Polepole, kidole kwa kidole. Tukala sinia moja. Nilimwona Edgar akimega tonge, akilitazama, akilizungusha mdomoni lisishuke, akiogopa kulitema mbele ya mtu aliyemnawisha. Mama Serafina akamwongezea minofu. "Kula baba, huyu samaki amekaushwa na mikono ya huyuhuyu." Jasho likamdondokea kwenye wali. Alipojaribu kuanza kusema pole, Kasiani akamwambia, "Maliza kwanza." Akamaliza.

Ndipo Kasiani akasema, "Mimi nimekusikia. Sina haja ya sukari. Ila watoto wa Yustina mpaka leo wanajua mimi ndiye niliyemuua mama yao. Nawasalimia hawaitikii. Nenda ukawaambie wewe, kwa mdomo wako. Nitakusindikiza."

"Nitakwenda," akasema Edgar. "Kesho asubuhi nakupitia na gari."

Asubuhi Kasiani alivaa shati jeupe alilokuwa amelihifadhi kwa ajili ya Pasaka, akakaa barazani. Mama Serafina akamletea chai, ikapoa. Jua likapanda, likamfuata kwenye kona aliyosogea, akasogea tena. Gari lilikuwa limeshaondoka kwenda Dar alfajiri, Bwana Salim aliliona likijaza mafuta, na hakuna kati yetu aliyemwona Edgar tena. Alipata kazi nyingine, na nyingine bora zaidi, mpaka akawa mwalimu wa watu wote. Jua lilipokuwa la alasiri Kasiani alisimama, akakung'uta suruali. "Binti," akaniambia, "twende sisi."

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Watoto wa Yustina walikuwa watu wazima, wanaanua mpunga uani, na walipomwona Kasiani walisimama na majembe ya mbao mikononi. Mimi ndiye niliyeongea. Niliwaeleza juu ya kifaa, juu ya usingizi wake, juu ya modemu iliyoulizwa swali kabla ya kupewa nguvu ya kujibu, na nilitumia maneno yanayoeleweka uani. Waliniuliza maswali mengi, na mazuri. Mwishowe binti yake mkubwa, mwanamke mwenye sura ya marehemu mamaye kama walivyosema wote, alimtazama Kasiani, akamwambia, "Shikamoo baba," akaitikiwa. Kisha akanigeukia mimi. "Huyo mtu anaitwa nani?"

Nikamtajia. Nikamtajia jina la kwanza, jina la baba yake, na jina la ukoo wake, taratibu, nikarudia, mpaka alipoweza kuyasema yote matatu bila kukosea.